Kurasa za afya mtandaoni: nimezipima kwa vidonda vya tumbo

Kwa mwenye haraka: ukitaka kusoma habari za ugonjwa kwenye simu, anza na tovuti ya NHS ya Uingereza au MedlinePlus ya Marekani. Ukurasa wowote unaomalizia na bei ya dozi na namba ya WhatsApp, ufunge. Asiye na haraka akae kidogo, maana jambo hili linaniuma na nina mengi ya kusema.

Mimi ni muuguzi, nina duka la dawa muhimu Kihonda, Morogoro. Zamani mtu alikuja dirishani na cheti cha daktari, au na jina la dawa aliyotajiwa na shemeji yake. Siku hizi anakuja na simu. Ananigeuzia kioo: "Dokta, hebu soma hapa, hizi dalili zote ninazo." Nasoma. Mara nyingi ni Kiswahili kizuri, kilichopangwa vizuri, kina mchoro wa tumbo lenye madoa mekundu, na jina la mwandishi limetanguliwa na Dk. Huwezi kumlaumu mtu akiamini. Ndipo nikaamua kuzikagua kurasa hizi kama ninavyokagua dawa zinapoingia dukani: nani katengeneza, tarehe inasemaje, na ndani ya boksi karatasi ya maelezo ipo au haipo.

Ugonjwa niliotumia ni vidonda vya tumbo. Naulizwa habari zake karibu kila siku, na chanzo chake kinajulikana vizuri, kwa hiyo anayedanganya anaonekana upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall waligundua kwamba kuna bakteria anayeishi ndani ya tumbo, anaitwa Helicobacter pylori, na kwamba ndiye anayesababisha vidonda kwa watu wengi. Wataalamu wenzao hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe kimiminika chenye bakteria hao, akaugua tumbo, akapimwa, bakteria wakaonekana. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu za jamii ya diclofenac, ibuprofen na aspirini. Kwa hiyo ukurasa unaokwambia vidonda vinaletwa na mawazo, pilipili na kuchelewa kula, halafu usimtaje bakteria huyo wala dawa za maumivu, unakupa elimu iliyopitwa na wakati zaidi ya miaka 40.

Nianze na kurasa zetu za Kiswahili zinazouza. Sitazitaja majina, ni nyingi na zinafanana. Kichwa cha habari karibu wakati wote ni "Chanzo, dalili na tiba". Kwenye dalili ndipo mtego ulipo. Utakuta kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo, sawa, hizo ni za kweli. Kisha zinaongezwa uchovu, kizunguzungu, kuumwa mgongo, kukosa usingizi, kusahau, mwili kuwaka moto, kukosa hamu ya tendo la ndoa. Mtu mzima gani anayefanya kazi hapa mjini hana hata tatu kati ya hizo? Orodha ikiwa ndefu kiasi hicho haimsaidii mgonjwa kujijua, inamkusanya kila anayepita. Chini yake kuna madhara: saratani, ugumba, kifo. Mtu akishaogopa, aya inayofuata ni dozi. "Tiba ya kudumu, vidonda havirudi tena." Dozi ya siku 30, unga kwenye kopo jeupe, bei inapungua ukilipa leo, mikoani tunatuma kwa basi.

Na kuna shuhuda. Sauti za wateja walionusurika, picha za majibu ya maabara, mama anayelia kwa furaha. Wengi wao naamini wanasema kweli walivyojisikia. Lakini maumivu ya vidonda yana tabia ya kuja na kuondoka. Mtu anaweza kuumwa wiki mbili, akakaa vizuri mwezi mzima bila dawa yoyote, kisha yakarudi. Anayeanza kopo jeupe siku maumivu yamefika kileleni, yakipungua atasema ni kopo. Yakirudi ataambiwa aongeze dozi ya pili. Ushuhuda wa namna hiyo hata uwe wa watu elfu hauthibitishi kitu, kwa sababu wale ambao hawakupona hakuna aliyewarekodi.

Niwaeleze habari ya baba mmoja, fundi seremala, mtu mzima wa heshima zake. Alifika dukani kuulizia dawa ya kiungulia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe vile vidonge vya kutafuna, tumbo linawaka."

Nikamuuliza kama anatumia dawa nyingine. Akasema ni ya vidonda tu, ameagiza mtandaoni, yuko kopo la pili. Nikamuuliza tena, na magoti je, maana nilimwona anavyopanda ngazi. Akatoa kwenye mfuko wa shati pakti ya diclofenac. Anameza kila siku, miezi na miezi, ananunua popote anapopita. Nikamwomba anionyeshe alivyozungumza na wauzaji wa kopo. Kwenye simu yake walimuuliza yuko mkoa gani, mzigo ushushwe stendi ipi, na atalipa kwa mtandao gani. Dawa anazotumia hawakuuliza. Umri hawakuuliza. Nikamuuliza mimi: "Baba, choo kikoje?" Akasita. "Cheusi, mwanangu. Lakini walishaniambia ni sumu inatoka."

Choo cheusi kinachonata kama lami, kwa mtu mwenye vidonda, ni dalili ya damu inayovuja ndani. Nilifunga duka nikampeleka hospitali siku hiyohiyo. Aliongezewa damu, akapimwa kwa kamera, na dawa ya magoti ikasimamishwa. Yuko hai, anapiga randa. Ila yale maneno "ni sumu inatoka" siwezi kuyasamehe. Aliyeyaandika aliichukua dalili ya hatari, akaigeuza kuwa dalili ya kupona, ili mteja asirudishe kopo.

Tangu hapo kipimo changu cha kwanza kwa ukurasa wowote ni hiki: kuna mahali unaponiambia niache kusoma nikakimbie hospitali? Kama hakuna, sihitaji kujua zaidi.

Sasa tovuti ya NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza. Ukurasa wao wa vidonda vya tumbo ni mfupi, mtu anaumaliza kabla chai haijapoa. Dalili ni chache na zimeelezwa zinavyokuja: maumivu katikati ya tumbo, kiungulia, kichefuchefu. Vyanzo ni viwili, bakteria na dawa za maumivu. Kuhusu mawazo na pilipili wanasema zamani ilidhaniwa hivyo, ushahidi wake ni mdogo. Kisha wameweka pa kujihadhari: kutapika damu, iwe nyekundu au ya kahawia kama machicha ya kahawa, choo cheusi kama lami, maumivu makali ya ghafla yanayozidi. Yule fundi angeyasoma haya wiki moja kabla, angejua. Tiba ni dawa ya kupunguza tindikali kama omeprazole, na akipatikana bakteria zinaongezwa antibayotiki. Hakuna kinachouzwa. Chini kabisa kuna tarehe mbili, ukurasa ulipitiwa lini na utapitiwa tena lini, na kwa kawaida hawazidishi miaka mitatu. Ningetamani kila anayeandika afya kwa Kiswahili aige hizo tarehe mbili tu, hata mengine akiyaacha.

Kasoro zake zipo. Wameandika kwa ajili ya mtu anayeishi Uingereza, kwa hiyo namba za simu na utaratibu wa kumwona daktari havikuhusu wewe wa Mikumi. Kwenye malaria ndiyo usiwategemee kabisa. Wanamwandikia msafiri anayetoka kwao kuja kwetu, ameze dawa ya kinga na akirudi na homa aende akapime. Habari za mtoto anayeumwa malaria mara mbili kwa mwaka huku kwetu huzikuti pale. Kwa malaria soma Shirika la Afya Duniani. Nao wana lugha sita, Kiswahili hakimo. Nyota nne na nusu kwa NHS, na hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya malaria.

MedlinePlus inatoka Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ipo tangu mwaka 1998, na haina tangazo hata moja. Kwa maelezo ya magonjwa naiona imetawanyika, inakupeleka kwenye viungo vingi na mtu mwenye bando dogo anachoka. Kwa dawa ndiyo naipenda kuliko zote. Andika diclofenac utakutana na onyo kabla ya kitu kingine: dawa hii inaweza kuleta vidonda, kutokwa damu, hata kutoboka kwa tumbo au utumbo, na hatari inaongezeka kwa wazee na kwa wanaoitumia muda mrefu. Hiyo ndiyo hali ya fundi wetu, imeandikwa waziwazi. Naitumia nikiwa dirishani, mteja akinitajia dawa mbili anazotaka kuzichanganya.

Kingine ambacho watu wengi hawakijui, MedlinePlus ina sehemu ya Kiswahili. Ni mkusanyiko wa vipeperushi vilivyotengenezwa na taasisi mbalimbali kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Marekani. Mada ni chache, mpangilio hauna mtiririko, ila kwa chanjo vimenifaa, nimewahi kuwachapishia kina mama. Nyota nne.

Mayo Clinic ni hospitali kubwa ya Marekani isiyo ya kibiashara, makao yake Rochester, jimbo la Minnesota. Maelezo yake ni marefu na ya uhakika, na wana tabia nzuri ya kukuandalia maswali ya kwenda kumuuliza daktari. Mtu akisoma ile sehemu anaingia chumba cha daktari akiwa na la kusema. Wanabeba matangazo, na wanasema wazi kwamba ni matangazo na fedha yake inakwenda wapi. Mimi sina ugomvi na tangazo lililoandikwa kuwa ni tangazo. Ninachokataa ni makala nzima iliyo tangazo, imevaa koti jeupe. Nyota tatu na nusu, kwa sababu kwenye simu ya kawaida ukurasa ni mzito.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, siwezi kuipa idadi moja ya nyota kwa makala zote. Kuna makala za magonjwa zilizotafsiriwa kwa uangalifu na zina marejeo chini, na kuna nyingine mistari minne iliyosahauliwa. Ukiisoma, shuka hadi kwenye marejeo, kisha bonyeza historia ya ukurasa uone iliguswa lini mara ya mwisho. Makala isiyo na rejeo hata moja usiibebe kwenda nayo kwa mgonjwa.

Sasa alama na majina makubwa, maana hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini. Miaka ya nyuma kulikuwa na taasisi ya Geneva, Health On the Net, iliyokuwa inatoa alama ya HONcode kwa tovuti za afya zilizokidhi masharti yake: taja mwandishi na sifa zake, taja chanzo, taja anayekulipa, tenganisha tangazo na habari. Masharti yale yalikuwa mazuri na bado yanafaa. Lakini taasisi ilifunga kazi mwishoni mwa mwaka 2022. Ukiiona alama hiyo leo, ama ni ya zamani ama imebandikwa tu, hakuna anayeisimamia.

Neno Dk. nalo lisikutishe. Tanzania kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya kuna baraza la madaktari liitwalo KMPDC, na wote wana daftari la madaktari waliosajiliwa unaloweza kulitafuta mtandaoni. Andika jina kamili. Kama mwandishi ametumia jina moja tu, "Dk. Fulani", na picha yake ni ya mzungu mwenye kipimo shingoni, umeshapata jibu lako.

Halafu kuna "utafiti unaonyesha". Muulize: utafiti upi, wa mwaka gani, kwa watu wangapi? Daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha mwaka 1998 kwenye jarida la Lancet, jarida kubwa kweli, akihusisha chanjo ya surua na usonji. Watoto walikuwa 12. Jarida lenyewe lilikuja kuifuta makala hiyo mwaka 2010, na Wakefield akaondolewa kwenye daftari la madaktari la Uingereza. Mpaka leo bado naletewa dukani, imetafsiriwa, kama habari ya juzi.

Kwa anayetaka kupima kwa undani zaidi, kuna dodoso linaitwa DISCERN, lilitengenezwa Oxford miaka ya 1990, lina maswali 16. Mimi huwa nachukua matatu. Ukurasa unaeleza itakuwaje usipotibiwa kabisa? Unataja hatari za kila tiba, pamoja na ile inayopendekezwa? Unakiri pale ambapo wataalamu bado hawana uhakika? Hili la mwisho wauzaji hawalivuki. Mfano ni choya. Wateja wangu wengi wanaichemsha kwa ajili ya presha. Cochrane, mtandao wa watafiti ulioanzishwa Uingereza mwaka 1993, waliipitia mwaka 2021 wakaandika kwamba ushahidi hautoshi kusema inashusha au haishushi. Hawakuitukana choya, hawakuipamba. Ukipata ukurasa unaoweza kukwambia "bado hatujui", ushike huo.

Na mtu asinielewe vibaya kuhusu mitishamba. Dawa ya mseto tunayowapa wagonjwa wa malaria, ile ALu ya vidonge 24 kwa mtu mzima ndani ya siku tatu, ina kiini kilichotokana na mmea, pakanga. Tu Youyou wa China alipata Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini ule mmea ulichambuliwa, kiini chake kikatolewa, kiasi kikapimwa, madhara yakaandikwa, na leo inajulikana kwamba kila wakati wa kumeza mtoto wa kilo 10 anapewa kidonge kimoja na mwenye kilo 40 vinne. Kopo jeupe halisemi kilichomo wala kiasi chake. Tanzania tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Mwenye dawa ya kweli aende akasajili, kisha aweke namba ya usajili kwenye ukurasa wake, na sisi tutamwelekezea wateja.

Linaloniumiza kuliko yote ni lugha. Kurasa nilizozisifu karibu zote ni za Kiingereza. Simu inaweza kuzitafsiri, ukibonyeza vidoti vitatu pale juu unapata Kiswahili kinachoeleweka, ingawa kwa majina ya dawa na vipimo rudi kwenye maandishi ya awali. Lakini fundi seremala hatafuti kwa Kiingereza. Anaandika "dawa ya vidonda vya tumbo", na anayempokea ni muuza kopo, kwa sababu muuza kopo ndiye aliyekaa akaandika kwa Kiswahili, kila wiki, bila kuchoka. Muhimbili, KCMC, Bugando, mna madaktari bingwa wa tumbo na mna wanafunzi wanaojua kuandika. Ukurasa mmoja kwa ugonjwa mmoja, maneno mia sita, dalili za hatari zikiwa juu, jina la daktari na tarehe chini. Mkianza na vidonda vya tumbo, presha na kisukari, mtakuwa mmewafikia nusu ya wanaosimama dirishani kwangu.

Wakati tunasubiri, Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199. Nimeibandika kwenye kioo cha duka kwa maandishi makubwa, na chini yake nimeandika: choo cheusi, kutapika damu, usinunue dawa hapa, nenda hospitali.